Shimo Halijajaa, Ardhi Ndiyo Imejaa

Masika ikishika kasi Dar es Salaam, dereva wa gari la maji taka ni mtu wa kubembelezwa. Simu anapokea akitaka, bei anapanga yeye, na akikuambia jioni, ujue ni kesho. Sisi tulio Boko, upande wa chini unaoteremka kuelekea baharini, tulikuwa wateja wa kudumu. Choo kikianza kuguguma na maji ya kuoga kusimama bafuni, gari linaitwa, linanyonya, linalipwa, linaondoka. Ikinyesha usiku mmoja tu, asubuhi chemba imejaa mpaka mdomoni.

Aliyetufungua macho ni dereva mwenyewe, mzee mmoja wa maneno machache. Alikuwa ameshatumbukiza mpira kwenye shimo la mwisho, pampu inavuma, akaniita nisogee.

"Njoo uone, mama. Hapa unalipia nini?"

Akamulika kwa tochi ya simu. Maji yalikuwa yameshuka kiasi, na kwenye yale matundu yanayoachwa kati ya tofali na tofali, maji mengine yalikuwa yanachuruzika kuingia ndani. Meupe, na mchanga kidogo. Pampu inatoa, ardhi inarudisha.

"Haya si ya chooni kwako," akasema. "Haya ni maji ya Boko nzima. Nitanyonya mpaka gari lijae, utanilipa, na nyumba haitakuwa imepona. Keshokutwa utaniita tena. Mimi sina hasara."

Tangu hapo nikaacha kuuliza shimo lina ukubwa gani, nikaanza kuuliza ardhi iko katika hali gani. Mafundi wetu wengi hawaanzii huko. Ukimwambia fundi choo kinajaa, jibu lake ni kuchimba shimo jingine au kuongeza kina cha lililopo.

Kwa asiyewahi kufunua mfumo wake: nyumba nyingi za huku zina vitu viwili chini ya ardhi, ingawa vyote tunaviita shimo. Cha kwanza ni tanki la zege lisilovuja, lenye vyumba viwili, cha mbele kikichukua kama theluthi mbili za urefu. Humo kinyesi kinazama na kuwa tope, mafuta na sabuni vinaelea na kufanya gamba, na katikati yanabaki maji yaliyotulia. Hayo ya katikati ndiyo pekee yanayotakiwa kutoka, kupitia bomba lenye umbo la T ambalo mguu wake unazama chini ya gamba. Cha pili ni shimo la kunywea, halina sakafu, na kazi yake ni kuyapeleka maji hayo ardhini. Tanki hata liwe zuri vipi halipunguzi maji. Kiasi kinachoingia ndicho kinachotoka. Nyumba ikitumia lita 600 kwa siku, ardhi inatakiwa inywe lita 600 kwa siku, na ikifika Aprili ardhi ya kwetu imeshashiba.

Nilitaka kujua imeshiba kiasi gani. Fundi bomba akanikatia bomba la plastiki la inchi mbili, refu kunizidi mimi, tukalitoboatoboa upande wa chini, tukalisimika pembeni ya shimo na kulifunika juu. Nikipita hapo natumbukiza kamba yenye nati mwishoni na kusikiliza inapogusa maji. Agosti kamba inafika chini kabisa na kurudi kavu. Katikati ya masika inalia karibu sana; ukichimba kwa jembe tu unayakuta maji yakiwa kwenye kina cha goti. Shimo letu lina mita tatu. Maana yake kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka Juni karibu shimo lote linakuwa limezama ndani ya maji ya ardhini, na ukuta wake hauna pa kunywesha. Wataalamu hupenda ibaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kati ya kitako cha shimo na maji ya chini. Boko ya bondeni hiyo huipati hata kwa maombi. Na kuongeza kina, kama fundi wetu alivyotaka, ni kuyafuata maji huko huko yaliko.

Jambo la paa tuliliona kwa macho, mvua ikiwa inanyesha. Wakati wa ujenzi gata za upande wa nyuma zilielekezwa kwenye shimo lile lile la kunywea, ili uwanja usiwe na matope. Hesabu yake si ngumu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la upande ule lina kama mita za mraba 80. Mvua ya milimita 60 kwa siku, ambayo kwa masika ya Dar haishangazi mtu, inashusha lita 4,800. Familia yetu ingechukua wiki nzima na zaidi kumwaga kiasi hicho. Bomba lile tulilikata. Maji ya paa sasa yanaingia kwenye matanki ya kuvunia, na yanayozidi yanakwenda kwenye mtaro. Kisha tukainua midomo ya chemba kwa kimo cha tofali moja, kwa sababu mifuniko ilikuwa imelala sawasawa na pevingi na maji ya uwanja mzima yalikuwa yanajimimina humo kwa raha zao. Kazi hiyo ilikuwa ya simenti kidogo na fundi wa siku moja, na masika iliyofuata ilikuwa na unafuu ambao magari yote tuliyoyalipa hayakuwahi kutupa.

Ndani ya nyumba nako kuna mvua ya kimyakimya. Tanki la flashi linalovuja linaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku bila mtu kusikia. Mimi hutia juisi nzito ya rosela kwenye tanki la flashi usiku, watu wakishalala; asubuhi nikikuta wekundu kwenye bakuli la choo kabla hajaingia mtu, najua mpira wa chini umechoka. Ni mpira wa bei ndogo kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Na kufua nguo zote za wiki Jumamosi asubuhi nilipiga marufuku, ingawa dada anayetusaidia kazi alininunia kidogo. Maji mengi yakiingia kwa mkupuo tanki halipati muda wa kutuliza, tope linatibuliwa na kusukumwa kwenye shimo la kunywea, na huko likifika halirudi. Linajenga utando mweusi wa ute kwenye ukuta wa udongo, na udongo unaacha kunywa hata wakati wa kiangazi.

Jirani yetu wa nyuma alichagua tanki la plastiki la lita 5,000, haya haya ya kuhifadhia maji, akalifukia liwe tanki la choo. Lilikwenda vizuri mpaka masika moja lilipojaa, akaita gari, likanyonya likakausha. Usiku ikanyesha. Asubuhi tulisikia makelele, tukachungulia juu ya ukuta: mgongo mweusi wa tanki umetokeza katikati ya bustani, umeinamia upande mmoja, pevingi zimetawanyika, na bomba la kutoka chooni limekatika. Yule aliyelifukia aliitwa, akalizunguka, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Lakini ni jambo la kutegemewa kabisa. Maji ya ardhini yanalisukuma juu tanki tupu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji ambayo yangekaa mahali pake. Kwa lita 5,000 hizo ni karibu tani tano, na udongo uliolowa juu yake si kizuizi. Anayetaka tanki la plastiki kwenye bonde aliweke juu ya zege na kulifunga kwa zege, achague lile lililotengenezwa kwa kufukiwa, na asilikaushe kabisa kati ya Machi na Juni.

Hata tanki la zege silinyonyeshi masika. Wakati wangu ni Agosti au Septemba, ardhi imekauka, magari hayana foleni, vuli ya Oktoba haijaanza. Dereva anakuwa na muda wa kunyonya vyumba vyote viwili na kulikoroga tope la chini, badala ya kuvuta maji ya juu, kufunga mpira na kukimbilia nyumba nyingine. Namuuliza anakwenda kumwaga wapi. Jibu ninalotaka kusikia ni mabwawa ya kusafishia maji taka, kama yale ya Vingunguti, na nikisikia kigugumizi simpi kazi.

Lakini kwanza napima, maana si kila mwaka tanki linahitaji gari. Nina mti mrefu mnyoofu ambao nusu yake ya chini nimeuzungushia taulo jeupe kuukuu na kulifunga kwa uzi. Naushusha taratibu kupitia mlango wa chumba cha kwanza, pembeni kidogo ya gamba, mpaka uguse sakafu, nauzungusha mara moja, nausubiri dakika chache, nauinua. Maji yanachuruzika na kuacha taulo na rangi ya kijivu, ila sehemu iliyokuwa ndani ya tope inatoka nyeusi, imejaa chembechembe, na mpaka wake unaonekana wazi. Napima kwa rula toka chini hadi kwenye weusi. Tope na gamba kwa pamoja vikifika theluthi ya kina cha maji, gari liitwe. Wahandisi wanakadiria tope la lita 25 kwa mtu kwa mwaka ikiwa tanki linapokea maji ya choo tu, na lita 40 likipokea na ya jikoni na bafuni. Sisi ni saba na tunapeleka yote, basi ni kama lita 280 kwa mwaka. Tanki letu linabeba lita 4,300 hivi, theluthi yake ni 1,400 na ushee, ambayo ni miaka mitano. Kipimo cha taulo kimekuwa kikikubaliana na hesabu hiyo kwa kiasi cha kuridhisha, isipokuwa mwaka tuliokuwa na wageni wa msiba waliokaa muda mrefu.

Katika hili joto la pwani linatusaidia. Bakteria wanaokula kinyesi bila hewa hufanya kazi kwa bidii kwenye joto, ndiyo maana majedwali ya wahandisi yanaruhusu nafasi ndogo zaidi ya tope mahali ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 20 mwaka mzima. Kwa hiyo zile unga na chupa za kuamsha choo zinazouzwa madukani sizinunui. Kuna fundi aliyetuletea ndoo ya kinyesi cha tumboni mwa ng'ombe kutoka machinjioni, akisema bila hicho choo hakianzi. Mume wangu alimlipa kwa heshima tu. Kila mtu anayekwenda chooni anapeleka bakteria wa kutosha, bure, kila siku. Kinachohitajika ni kutowaua. Dawa ya kuondoa madoa ikitumika kwa kiasi cha kusugulia haina neno, ila kumimina chupa nzima kwa sababu choo kinanuka ni kuwaangamiza wafanyakazi wako mwenyewe. Mafuta ya kukaangia yanakwenda kwenye kopo na kutupwa na takataka. Pampasi, taulo za kike na vile vitambaa vya unyevunyevu vya kufutia watoto, ambavyo pakiti inadai vinaweza kutupwa chooni, vina ndoo yake yenye mfuniko. Wapangaji wa vyumba vya uani wananiona mkali. Sawa.

Ila joto hilo hilo linatengeneza hewa ambayo siichezei. Tope likioza linatoa methani na haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai bovu. Ubaya wa hii ya pili ni kwamba ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, mtu anadhani harufu imeisha kumbe ndiyo imekuwa kali. Hakuna sababu yoyote ya mtu kushuka ndani ya tanki, hata likiwa limenyonywa, hata awe fundi mzoefu, na mara nyingi anayefia humo wa pili ni yule aliyeshuka kumwokoa wa kwanza. Hewa hiyo pia inakula zege. Inapanda, inakutana na unyevu chini ya mfuniko, bakteria wengine wanaigeuza kuwa asidi, na saruji inalegea kuanzia upande ambao hakuna anayeutazama. Tulipoinua mfuniko wetu wa chumba cha kwanza, juu ulikuwa mzima, mlaini, watoto walikuwa wanaruka kamba juu yake kila jioni. Tulipoupindua, kokoto zilikuwa zinabanduka kwa kidole, na nondo zimekuwa nyembamba, za kahawia, zinavunjika kama biskuti. Niliita fundi siku hiyo hiyo. Mifuniko mipya imemiminwa vipande vipande, minene zaidi, nondo zimezama katikati ya zege badala ya kuchungulia chini, na bomba la kutolea hewa limepandishwa kupita usawa wa paa.

Kwenye mdomo wa bomba hilo weka wavu. Mbu wanaopenda maji machafu ya matanki na mashimo ni aina ya kyuleksi, na ndio wanaoeneza matende na mabusha katika pwani yetu. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki zinazoelea kwenye vyoo vya mashimo vyenye maji, zikafunika uso wa maji hata mbu wasipate pa kutagia, huku wananchi wakipewa dawa ya minyoo inayoleta magonjwa hayo, na mbu wakapungua sana kwa muda mrefu. Sisi hatuna punje. Tuna wavu wa mbu wa shilingi chache na mifuniko inayobana, na usiku unaona tofauti.

Sasa, kuna wanaotatua yote haya kwa kutapisha. Mvua kubwa ikianza, usiku, mtu anachomoa kizibo cha bomba alilolificha ukutani na choo chake kinakwenda mtaani na mafuriko. Kila mtaa wa bondeni unajua ni nani, na hakuna anayetaka kumtaja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, maana ni jirani, mnazikana. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka kilianzia wilaya yetu ya Kinondoni, kikasambaa nchi nzima. Watoto wetu wanakanyaga maji hayo wakienda shule. Mimi nilikwenda kwa jirani mmoja, si kugombana, nikamwonyesha gata zake zilivyokuwa zinaingia kwenye shimo lake kama zilivyokuwa za kwetu. Alinisikiliza. "Mama, mbona fundi hakuniambia?" Yule fundi alikuwa ni yule yule.

Dawa ya kudumu kwetu ilikuwa kuacha kushuka na kuanza kupanda. Tuliinua kipande cha uwanja wa nyuma kwa malori ya mchanga, kama sentimita 60, na ndani yake tukalaza mabomba ya inchi nne yenye matundu, juu ya kokoto, juu yake karatasi ngumu ya kuzuia mchanga, kisha udongo. Maji yaliyotulia kwenye tanki yanapandishwa huko na pampu ndogo yenye boya. Umeme ukikatika, lile shimo la zamani linasubiri kama akiba. Kuna matawi mawili, na kila baada ya miezi michache nageuza koki ili moja lipumzike, ule utando mweusi ukauke na kufa kwa hewa. Masika ya mwaka jana kamba yangu ilipoonyesha maji yako kwenye goti, mchanga wa juu ulikuwa bado unakunywa. Jua likitoka kati ya mvua mbili, nao upepo wa bahari, maji mengi yanapotelea hewani kupitia majani.

Kwa ajili hiyo tumepanda ukoka wote, na pembezoni migomba, mbali na mabomba kwa mita kadhaa. Mwembe uliokuwa karibu tuliukata, maana mizizi yake ilikuwa imeshaingia kwenye chemba ya kwanza kama nywele. Ndizi tunakula bila wasiwasi, zinaning'inia juu na zina ganda. Mama mkwe ananishauri kila akija nipande matembele pale, udongo una rutuba. Yangestawi kweli. Ila matembele yanatambaa chini, na mayai ya minyoo ya askarisi yanaweza kukaa hai miezi mingi kwenye udongo wenye unyevu kama ule, kwa hiyo matembele nimempandia mbele ya nyumba, karibu na bomba la maji ya mvua.